Devota, dalali wa kanisani anayemsubiri mnunuzi mmoja

Misa imekwisha, lakini hakuna anayekwenda nyumbani. Mabenchi yametolewa nje na kupangwa kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa. Watoto wameshakemewa waache kukaa juu ya magunia ya mpunga, na bado wamekaa. Mbele ya watu wote amesimama mama mfupi, kanga kiunoni, amelinyanyua boga kubwa juu ya kichwa chake.

"Boga hili nimeshaliuza mara tatu na bado liko hapa linanitazama!" anapaza sauti. "Elfu nane, mara ya kwanza! Wewe baba mwenye shati la drafti, usijifanye unasoma kitabu cha nyimbo, nimekuona!"

Watu wanaangua kicheko. Baba mwenye shati la drafti, maskini, hana pa kujificha. Anataja elfu tisa.

"Unachukua au unarudisha?" anauliza mama.

"Narudisha!"

Vigelegele vinapanda. Fedha inaingia kwenye kikapu, boga linarudi mezani, na mnada wake unaanza upya.

Huyu ndiye Devota Mlahagwa, mwenye umri wa miaka 54, dalali wa Kigango cha Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, nje kidogo ya mji wa Kimamba, wilayani Kilosa. Leo ni Jumapili ya mavuno. Asiyekuwa na fedha ameleta alichovuna: mpunga, ndizi, nyanya, mayai, hata muwa mmoja uliobebwa na bibi aliyetembea nao kutoka ng'ambo ya reli.

Mgeni akipita hapa atadhani watu hawa wamerukwa na akili. Mtu ananunua kuku, analipa, halafu anamrudisha mezani auzwe tena. Kuku mmoja anaweza kupita kwenye mikono ya nusu ya waumini kabla hajapata wa kumla. Lakini akili wanazo timamu. Hivyo ndivyo wanavyosomesha watoto wao.

Fedha ya mnada huingia kwenye Mfuko wa Karo wa kigango. Tangu uanzishwe, mfuko huo umewapeleka vijana zaidi ya ishirini kwenye vyuo vya ufundi, uuguzi na ualimu. Wengi walipita chuo cha ufundi Mikumi, ambako ni karibu, na mzazi anaweza kwenda kumwona mwanawe akarudi siku hiyo hiyo.

Wa kwanza kupelekwa alikuwa Kelvin, mtoto pekee wa Devota. Leo ni fundi umeme wa magari huko Kahama. Na kila Jumapili ya mavuno, katikati ya kelele na vicheko, macho ya mama yake huwa barabarani. Kelvin hajakanyaga Kimamba kwa miaka saba.

"Nikiwa nauza watu wanaona nacheka," Devota alimwambia mwandishi wa simulizi hii. "Mimi naangalia bodaboda. Kila inayopunguza mwendo pale kona, moyo wangu unasimama. Inapita. Naendelea kuuza."

Maneno hayo aliyasema Ijumaa, kabla ya mnada huu, akiwa kwenye kazi yake ya siku zote. Mbali na udalali wa Jumapili, ambao haulipwi, Devota ameajiriwa na kigango kuendesha mashine ya kukoboa mpunga. Mashine yenyewe iko kwenye kibanda cha mabati nyuma ya kanisa, na ikiwaka hata sala ya kimya haiwezekani.

Ukimkuta kazini usimpe mkono, utajuta. Vumbi la pumba limemjaa kuanzia nyusi mpaka vidole vya miguu. Anamimina mpunga juu, anakinga mchele chini, anasikiliza mkanda. Mashine ikibadili mlio anaipiga kofi ubavuni, nayo inatulia.

"Huyu ni kama mtoto mtundu," anasema. "Anataka kujua kwamba upo."

Mashine hiyo ndiyo mtaji wa mfuko. Mwalimu mstaafu Hildegarda Ngaiza, mwenyekiti wa kamati, anasema mwanzoni walikuwa wakikusanya sadaka na kuigawa yote kwa mkupuo, wanabaki mikono mitupu.

"Tulikuwa kama mtu anayekula mbegu," anasema. "Mwaka mmoja mvua ikagoma, mnada ukawa mkavu, na watoto tayari wako chuoni. Tulilia. Ndipo tukasema tutafute kitu kitakachofanya kazi hata sisi tukiwa na njaa. Tukanunua mashine iliyokwishatumika, tukaileta kwa lori la mkaa."

Leo sehemu ya faida ya mashine hulipa karo. Sehemu nyingine hununua mpunga wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, ukahifadhiwa na kuuzwa kiangazi. Na mfuko haumuulizi mtoto anasali wapi. Shamimu, binti wa jirani yao mmoja Mwislamu, yuko mwaka wa pili wa uuguzi kwa fedha hizo hizo, na baba yake huwa hakosi mnadani.

Devota analipwa shilingi laki moja na nusu kwa mwezi. Ukimuuliza kama zinatosha anacheka mpaka anakohoa.

"Zinatosha nini? Lakini mimi nakula chenga bure," anasema, akimaanisha vipande vya mchele vinavyovunjika mashineni. "Na kuku wangu wanakula. Shida yangu haiko tumboni."

Shida yake ilianza na baiskeli.

Mumewe, marehemu Cornel, alikuwa kibarua wa gengi la reli. Alikuwa na Phoenix nyeusi, ya zamani, yenye kengele iliyosikika mtaa wa pili. Kila asubuhi alimpakiza Kelvin kwenye bomba la mbele, akampeleka shuleni, ndipo aende kwenye reli yake. Cornel alipofariki, Kelvin alikuwa darasa la saba. Hakulia sana msibani, lakini aliichukua ile baiskeli, akaifuta, akaitia mafuta, na tangu hapo ikawa yake.

Hata alipokwenda chuo Mikumi hakuondoka nayo. Aliogopa wezi. Kila likizo kazi yake ya kwanza, kabla hata ya kula, ilikuwa kuitoa ndani na kuifuta.

Mwaka ambao Kelvin alikuwa amepata kazi ya kwanza mjini Morogoro, mfuko ulipungukiwa. Wasichana wawili walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa karo. Jumapili ya mavuno ikafika, na vitu vilivyoletwa vilikuwa vya kusikitisha. Devota alirudi nyumbani mbio, akaitoa baiskeli, akaileta mezani.

Hapa lazima msomaji aelewe, la sivyo atamhukumu mama huyu bure. Devota hakuwa anauza baiskeli. Kwa akili ya watu wa kigango hiki, kitu cha namna ile hakiuzwi, kinazungushwa. Watu wote walijua ni ya marehemu. Mtu atainunua, atairudisha, mwingine atainunua, atairudisha. Jioni Devota angeikokota kurudi nayo nyumbani, na wasichana wangerudi chuoni. Wengine walishafanya hivyo na redio, na cherehani, na hata mlango. Vyote vikarudi kwa wenyewe.

Na wa mwisho wa kununua na kurudisha alikuwa anajulikana. Ni Mzee Deo Kapaya, mtani wake. Devota ni Msagara. Mzee Deo ni Mnyamwezi, ambaye babu yake aliletwa hapa enzi za mashamba ya mkonge. Kwa desturi Wanyamwezi na Wasagara ni watani, na hawa wawili utani wao hauna likizo.

Siku ile baiskeli ilizunguka vizuri. Ikapanda bei. Mzee Deo akaweka kila alichokuwa nacho mfukoni. Mara mgeni mmoja, mfanyabiashara wa mazao kutoka Dumila aliyekuja kusali kwa bahati tu, akataja bei ambayo hakuna aliyewahi kuisikia hapo.

"Nilifurahi!" Devota anasema, akijishika kichwa. "Mimi mjinga nilifurahi. Nikaona karo ya wale wasichana yote imetimia. Nikapiga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikampigia makofi. Nikangoja aseme narudisha."

Mgeni hakusema. Hakuijua desturi, na hakuna aliyemwambia. Alilipa fedha yake halali, akashukuru, akaipakia baiskeli kwenye gari lake dogo la mizigo.

Mbona hawakumzuia? Swali hilo mwandishi alilirudia kwa watu kadhaa, na wote walimtazama kama aliyeuliza jambo la aibu. Mwalimu Hildegarda ndiye aliyejibu.

"Unamwambiaje mtu arudishe? Sadaka hailazimishwi. Ukimwambia, umemnyang'anya. Tulibaki tunatabasamu, na Devota anatabasamu, na baiskeli inakwenda."

Kesho yake Devota alipanda gari mpaka Dumila. Aliulizia kwenye vibanda vya chakula, kwa wauza vitunguu, kwa wapiga debe. Mfanyabiashara alipatikana, mtu mzuri tu, akasikitika kweli. Baiskeli alikuwa ameshamuuzia dereva wa lori aliyekuwa akielekea Dodoma.

Kelvin alikuja likizo mwezi uliofuata. Akaweka begi chini, akaingia ndani kuitoa baiskeli, akatoka mikono mitupu.

"Nikamweleza yote," Devota anasema. "Akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatisha hata neno. Halafu akasema, 'Mama, siku zote unauza vya watu. Sasa umeniuzia baba.' Akabeba begi lake. Chai niliyomwekea ilikuwa bado ina moshi."

Baada ya hapo Kelvin alihamia Kahama. Si mtoto mbaya, watu wote wanasema hivyo, na wa kwanza kusema ni mama yake. Kila mwisho wa mwezi anatuma fedha kwa simu. Devota akimpigia kumshukuru, simu inaita mpaka inakatika. Baadaye unaingia ujumbe: *Shikamoo mama. Niko kazini.*

"Marahaba nakosa wa kumpa," anasema. "Shikamoo ya kuandika unaiitikiaje? Naitikia peke yangu, hapo kitandani. Fedha inafika, sauti haifiki. Ningeweza kumrudishia fedha yote anipe sauti."

Tangu siku ya baiskeli kigango kimeweka sheria. Dalali hapigi makofi kabla hajamuuliza mnunuzi: unachukua au unarudisha? Anayeuliza swali hilo kila Jumapili ni Devota, mdomoni mwake mwenyewe. Ukimsikia anavyoliuliza kwa mbwembwe hutajua linamgharimu nini.

Turudi mnadani, maana jua limepanda na mambo yanaiva.

Mwandishi alikuja na kalamu tu. Sasa ana mkungu wa ndizi ambao hajui aliununua saa ngapi. Alipokohoa, Devota alihesabu kuwa ni bei. Alipotaka kueleza, Mzee Deo alimwambia kwa upole kwamba mbele ya dalali huyu hata kupiga chafya kunahitaji bajeti.

"Nyamaza wewe Mnyamwezi!" Devota anamrukia. "Babu yako alikuja hapa kukata mkonge, akaona ugali wetu akasahau njia ya kwao!"

"Hakusahau. Alizuiwa na bibi mmoja wa Kisagara, alikuwa na deni lake la pombe."

Kicheko kinawamaliza hata wanakwaya. Kwenye benchi la mbele Katekista Lukasi ameshika simu, maana siku hizi na walioko mbali wananunua. Kuna kundi la kigango kwenye simu, lina wana wa Kimamba waliotawanyika kila mkoa. Wao hupiga, hutaja bei, hutuma fedha, na wote bila ubishi husema narudisha. Kuku wa Kimamba atafikaje Arusha?

Kelvin yumo kwenye kundi hilo. Husoma kila kitu. Hajawahi kuandika neno.

Zimebaki bidhaa chache. Devota amemshika jogoo mwekundu aliyeletwa na jumuiya ya akina mama. Ameshauzwa na kurudishwa mara kadhaa, na amechoka, amefumba jicho moja. Bei imesimama kwenye elfu kumi na tano. Ghafla Lukasi anainuka, simu sikioni, na uso wake umebadilika.

"Kuna wa Kahama hapa," anasema taratibu. "Anasema elfu ishirini."

Kahama watu wanamjua mmoja tu. Lukasi anaifungua spika ya simu, anaisogeza kwa dalali.

"Shikamoo mama."

Jogoo anapiga mabawa mkononi mwa Devota, yeye hana habari. Mtoto mmoja anaanza kucheka, anafinywa.

"Marahaba, baba," Devota anasema hatimaye. "Marahaba, marahaba."

Ingekuwa mnada mwingine, mambo yangeishia hapo. Nani angempandia bei mtoto wa dalali, siku kama ile? Lakini Mzee Deo anasimama na fimbo yake.

"Elfu ishirini na tano!"

Watu wanageuka kumtazama. Wengine wanaguna waziwazi.

"Wewe kijana," Mzee Deo anaifokea simu, "umesoma kwa pumba za mama yako, leo unatuletea elfu ishirini? Kahama yote hiyo, dhahabu yote hiyo, elfu ishirini?"

Upande wa pili kunasikika kitu kama kicheko. "Shikamoo mzee. Basi thelathini."

"Marahaba. Thelathini na moja! Na useme, umeoa au bado unakula kwa mama ntilie?"

"Bado, mzee. Thelathini na mbili."

"Bado! Mtani, sikia aibu hii, jitu zima. Thelathini na tatu! Na huko baridi ipo? Unaumwa umwa?"

"Niko mzima, mzee. Thelathini na nne."

Wanapandishana hivyo, elfu moja moja, kwa jogoo ambaye sokoni hafiki nusu yake. Kila bei inakuja na swali, na kila swali linapata jibu. Devota amesimama na jogoo wake kifuani, anasikiliza. Midomo yake inayafuatisha majibu ya mwanawe bila sauti.

Mwisho Mzee Deo anaketi. "Nimeshindwa," anasema. "Nina wajukuu wa kulisha."

Baadaye, mbali na watu, mwandishi alimuuliza mzee huyo kwa nini alimng'ang'ania jogoo namna ile.

"Jogoo wa nini mimi?" alijibu. "Nilitaka asikate simu. Yule mama amekaa miaka saba hajasikia mwanawe akipumua. Mtani ni wa nini kama hawezi hata hilo? Na siku ya baiskeli fedha zangu ziliisha nikiwa nataka kuendelea. Safari hii nilikuwa nazo."

Devota anahesabu. Mara ya kwanza inatoka vizuri. Mara ya pili inamkwama, anaisema tena. Mara ya tatu anaichelewesha mpaka Lukasi anamgusa bega, kwa sababu wote wanajua kwamba ikishapigwa, simu itakatika.

"Mara ya tatu," anasema. Halafu inabidi aulize. Sheria ni sheria. "Unachukua... au unarudisha?"

Kwenye simu, kwa mbali, linasikika gari likiwashwa na kuzimwa, labda kwenye gereji ya Kahama.

"Nachukua, mama."

Minong'ono inapita kwenye mabenchi. Wa kwenye simu hajawahi kuchukua.

"Utachukuaje, baba, na uko Kahama?"

"Msimchinje. Nitakuja kumchukua mwenyewe."

Simu inakatika. Haijulikani kama ni mtandao, au ni salio, au ni mtu ameshindwa kuendelea. Devota anavuta kanga kutoka kiunoni, anajifunika uso, jogoo bado kwapani. Akina mama wanapiga vigelegele vinavyosikika mpaka relini.

"Mnada umefungwa!" anasema ndani ya kanga.

Bado kulikuwa na magunia matatu ya mahindi na tenga la nyanya. Hakuna aliyebisha.

Hiyo ilikuwa Jumapili ya mavuno. Wiki tano zimepita tangu siku hiyo, na hadi simulizi hii inaandikwa Kelvin hajafika. Fedha ya jogoo aliituma jioni ile ile. Na ujumbe ukaja kama kawaida, *shikamoo mama*, ila safari hii haukusema yuko kazini.

Devota amejiandaa kwa namna yake. Amepaka chokaa chumba cha Kelvin. Ameulizia kwa wasafiri na sasa anaijua njia nzima: basi kutoka Kahama hadi Dodoma, treni ya umeme hadi stesheni ya Kilosa, kisha bodaboda. Amewaendea vijana wa bodaboda wa pale stesheni, akawaelezea: mrefu, mweusi, anatembea kama amepoteza kitu. Wakimwona wamlete moja kwa moja, nauli atalipa yeye. Nao kila wakimpigia simu kwa mambo mengine huanza kwa kusema, "Mama, si yeye, usishtuke."

Mwalimu Hildegarda ana mawazo yake kuhusu jambo hili, na hayamhusu Devota peke yake.

"Mfuko wetu tumeufundisha kupeleka watoto," anasema. "Kuwarudisha hatujaufundisha. Ukipita nyumba hizi utakuta akina mama wengi wana vyumba vilivyofungwa. Kamati inafikiria, mavuno yajayo, tuwalipie nauli wote waje, hata kama karo itapungua kidogo. Pendekezo hilo limeletwa na dalali."

Mwandishi alimkuta Devota nyumbani jioni, amekaa kwenye kizingiti, miguu bado myeupe kwa pumba. Jogoo mwekundu alikuwa amefungwa kamba kwenye mguu wa meza, kwa kuogopa vicheche na kwa kuogopa majirani. Amenenepa kupita kiasi, na anamchukia kila mtu isipokuwa mwenye nyumba.

Je, amewahi kumpigia Kelvin kumuuliza anakuja lini?

"Sitamuuliza," alisema. "Nikimuuliza lini atanitajia tarehe, na tarehe ina tabia ya kupita. Akishasema nakuja basi, kila siku inaweza kuwa ndiyo. Niachie hivyo hivyo."

Akachota kiganja cha chenga kutoka kwenye ungo, akamwagia jogoo miguuni.

"Kula, baba," akamwambia. "Kula. Mwenyewe yuko njiani."